Chupa za Mwalimu Furu

Swali lilikuja dakika tatu kabla ya kengele, na mimi ndiye niliyelitafuta.

Ilikuwa Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, Kidato cha Nne B, mada ya mageuzi ya viumbe. Baiolojia tunaifundisha kwa Kiingereza, kama mnavyojua, lakini swali la kweli likimbana mwanafunzi hutoka kwa Kiswahili. Nilikuwa nimechora ubaoni mguu wa farasi, unavyobadilika kutoka vidole vingi hadi kwato moja, mchoro ule ule ninaouchora kila mwaka. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka tu, akasema:

"Sir, farasi ana mifupa. Bakteria hawana. Sasa hao wa zamani mmewajuaje?"

Mmewajuaje. Kama vile na mimi nilikuwepo.

Nikajibu haraka haraka. Nikasema wako bakteria walioacha alama kwenye mawe, tabaka juu ya tabaka, huko Australia, na mawe hayo yana umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Akageuka akatazama dirishani. Wanaoijua Mwanza wanajua dirishani kuna nini: jabali juu ya jabali, kubwa kuliko nyumba, limekaa kama kuna mtu alilipanga.

"Na haya ya kwetu yana nini ndani?"

Hayana kitu. Granaiti ilikuwa uji wa moto chini ya ardhi, ikapoa. Ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na wakati inapoa duniani palikuwa na vijidudu tu, hapana samaki wala jani. Lakini uji wa moto hautunzi maiti. Nikamwambia hivyo.

"Basi sisi hatuna kitu," akasema, akafunga daftari. Darasa likacheka, kengele ikalia, wakakimbilia makande.

Nimekaa na neno hilo wiki tano. Nikiwa kwenye daladala, nikisahihisha, nikioga, liko pale pale. Linaniuma kwa sababu kitu tulikuwa nacho. Na najua kilikokwenda, maana nilikitupa kwa mikono yangu.

Stoo

Nilipangiwa shule hii Machi 2008, nikiwa na cheti kipya na shati la kuazima. Wiki ya pili tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Mkuu wa shule wa wakati huo akanikabidhi ufunguo wa stoo ya maabara. "Safisha, mwalimu. Takataka zote toa."

Rafu ya juu kabisa, nyuma ya mizani mbovu na boksi la chaki zilizolowa, palikuwa na chupa 23. Za kila aina: za jamu, za kahawa, na mbili za kimaabara zenye vizibo vya kioo. Kila moja ina samaki. Niliteremsha moja nikaipangusa vumbi kwa kiganja. Ndani yake alikuwa furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, wa urefu wa kidole changu cha kati, kasimama wima, kichwa chini. Rangi yote ilikuwa imemtoka, akabaki kama chai ya maziwa iliyolala. Jicho jeupe, la samaki aliyeiva. Mdomo wazi. Na pembeni yake, ndani ya maji yale yale, kijikaratasi chenye mwandiko wa penseli: *Furu. Nyegezi. Wavu wa dagaa. 14/6/78.*

Nilicheka. Penseli! Nani anaandika lebo kwa penseli halafu anaizamisha?

Imenichukua miaka kujua kwamba ndivyo wanavyofanya wenye kazi hiyo katika makumbusho za dunia. Lebo ya nje hubanduka, wino huyeyuka, penseli hubaki. Aliyeandika kile kijikaratasi alikuwa anaijua kazi yake kuliko mimi na cheti changu.

Wanafunzi wa zamani walimwita Mwalimu Furu. Nilimkuta ameshastaafu, tangu 2003. Nilikuwa nimesikia habari zake, kwamba Jumamosi alikuwa anashuka na vijana mwaloni kabla jua halijachomoza, wakinunua samaki ambao wachuuzi hawawataki. Nilidhani ni uzee.

Tulichimba shimo nyuma ya jiko, mimi na vijana wanne waliokuwa na adhabu, tukamwaga chupa moja baada ya nyingine. Formalini ilituwasha macho hadi machozi. Kijana mmoja akauliza kama wale samaki wanalika. (Leo nisingemwaga formalini ardhini, tena karibu na jiko, na ninyi msijaribu.) Chupa tukazisuuza, Kidato cha Kwanza wakaoteshea maharage. Wakaguzi wakaandika kwamba stoo ni safi na ina mpangilio. Nikapewa mkono wa pongezi.

Ukitaka kumwona furu

Tarehe ile: 14 Juni 1978. Mtu wa ziwa ameshaelewa.

Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, alikuwa ameshapandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, lakini mwaka 1978 Ghuba ya Mwanza ilikuwa bado ya furu. Miaka ya 1980 sangara wakafurika, na ndani ya muda usiozidi kidato cha kwanza hadi cha sita, furu wakawa wa kutafutwa. Katika spishi 500 hivi za ziwa zima, zinazokadiriwa kupotea ni kama 200. Na sangara hakuwa peke yake. Maji yalichafuka kwa mbolea na taka, yakawa ya kijani, na mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba maji yakiwa na ukungu jike wa furu hamtambui dume wa rangi yake. Wanaoana hovyo, spishi mbili zinakuwa moja. Huyo hakuliwa na mtu. Amefutika tu, kama rangi ya kitenge kinachofuliwa kila siku.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi hapa hapa Mwanza mwaka 1977. Kundi lao liliitwa HEST. Walikuja kuwahesabu furu, kumbe wanahesabu watu walioko kwenye foleni ya kuondoka. Kabla yao Humphry Greenwood wa makumbusho ya London alikuwa amewaeleza wengi, mmoja mmoja, kwa meno na mifupa ya taya. Hata yule mwenye jina la Mwalimu Nyerere, *nyererei*, alipewa jina hilo na Waholanzi hao mwaka 1985. Kwa hiyo leo mtoto wa Nyegezi akitaka kumwona kwa macho furu aliyeliwa na babu yake, huenda ikambidi apande ndege.

Sina ugomvi na Leiden. Wao walitunza.

Kuna kisa kingine, cha ziwa hili hili, ambacho kimenifanya niache kucheka droo za watu. Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, ndiko Mary Leakey alikookota fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa ukoo wa masokwe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Uso ulikuwepo, sehemu ya kisogo haikuwepo. Vipande vilivyokosekana vilikuja kutambuliwa zaidi ya miaka 30 baadaye, na havikuwa tena Rusinga. Vilikuwa Nairobi, ndani ya makumbusho, vimewekwa pamoja na mifupa ya viumbe wengine, maana waliovihifadhi hawakujua ni vya nani. Vilipounganishwa ndipo ukubwa wa ubongo wake ukakadiriwa upya.

Kisukuku kinaweza kupotea mara mbili, na mara ya pili kikapotelea kwenye droo. Lakini kikipotelea kwenye droo, bado kipo.

Mitokondoo

Nirudi kwa yule binti, maana bado ananidai.

Mimi husahihisha mitihani. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi siwezi kumshtaki mtu. Lakini wawili wakiniandikia "mitokondoo" badala ya mitokondria, swali lile lile, mstari ule ule, najua walikaa karibu. Akitokea wa tatu mwenye mitokondoo hiyo hiyo na kosa lake jingine juu, najua hata mpangilio: huyu wa tatu ndiye mwisho wa mnyororo. Ukweli unafanana kwa kila mtu, hauna ushahidi. Kosa lina baba.

Bakteria naye ananakili. Kila anapogawanyika hunakili DNA yake yote, na mara chache sana herufi moja hukosewa, kosa likarithiwa na wajukuu wote. Mtu akisoma herufi zote za bakteria, yaani jenomu yake, akazilinganisha na za wengine waliookotwa nchi nyingine na mwaka mwingine, anaweza kuwapanga kama ninavyopanga karatasi za mtihani. Jenomu ya kipindupindu ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 2000, ina herufi milioni 4 hivi. Ukoo unaoleta milipuko ya siku hizi hukusanya makosa kama 3 kwa mwaka.

Matatu, katika milioni nne. Na yanatosha.

Mfupa hakuna, lakini mitokondoo ipo. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa. Nililipata wiki mbili baadaye, saa nane usiku, darasa limeshahamia mada nyingine.

Nilichofundisha kuhusu kipindupindu

Na katika kulitafuta jibu hilo nikakutana na aibu ya pili.

Tangu 2008 nimefundisha kwamba kipindupindu kinakaa ziwani. Kiko humo na viumbe vidogo vya majini, kinasubiri joto na mvua, kisha kinaamka. Kisa hiki nilikipenda. Kina ziwa ndani yake, kina msimu, na wanafunzi wanakielewa bila mchoro.

Mwaka 2015, mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti uliposambaa nchini, nilikuwa na kijana darasani aliyetoka kisiwani, kwenye kambi ya wavuvi. Wenzake wakampa jina: Kipindu. Akifika bombani wanampisha, na si kwa heshima. Asubuhi moja nikaufunga mlango wa darasa nikasema kwa sauti ambayo siitumii mara nyingi: hakuna mtu aliyeleta kipindupindu. Vimelea viko majini tangu enzi na enzi, havina kabila, havina kijiji. Mkimwita tena mwenzenu jina hilo, mtanikuta.

Wakaacha. Katika masomo yangu yote, lile ndilo nililojivunia.

Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na François-Xavier Weill wa Institut Pasteur, Paris. Walisoma jenomu za vimelea 1,070 vya kipindupindu kutoka nchi 45 za Afrika, vilivyokusanywa katika kipindi cha miaka 49. Nimeusoma mwaka huu. Walichokiona ni kwamba milipuko ile ni ya ukoo mmoja, wenye chimbuko Asia, ulioingia Afrika angalau mara 11 tangu mwaka 1970. Uliingia, ukasambaa, ukafifia, ukaingia mwingine. Jamaa wa kipindupindu wako majini kweli, wa aina nyingi. Lakini wanaotuzika ni wa ukoo huu, na huu unasafiri kwa matumbo ya watu.

Ziwa halikuamka. Kililetwa.

Fikirieni neno hilo likitamkwa darasani kwangu mwaka 2015. "Kililetwa na watu." Ndilo lile lile walilokuwa wakisema wale waliompisha mwenzao bombani, tofauti ni kwamba sasa lina takwimu.

Kwa siku kadhaa nilijiridhisha kwamba ulikuwa uongo mwema, na kwamba ningerudi 2015 ningeusema tena. Mke wangu alinisikiliza akikwangua masufuria, akauliza swali moja: "Na vyoo vya kule kisiwani, baada ya hilo somo lako, vilichimbwa?"

Havikuchimbwa, kwa nijuavyo. Na kwa nini vichimbwe? Kama ugonjwa unakaa ziwani, choo si hoja. Mwenye mialo haulizwi, mwenyekiti haulizwi, anayekusanya ushuru wa samaki kila asubuhi haulizwi maji safi yako wapi. Ziwa ndilo lenye kosa, na ziwa haliitwi kwenye kikao.

Nikausoma utafiti ule tena, polepole, kwa jicho la yule kijana. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaugui kabisa. Wanapita nacho bila kujua. Ukoo uliofika kwake ulikuwa umevuka bahari, ukapita kwa watu ambao hakuna anayewajua, mpaka ukafika kambini ambako choo ni vichaka. Yeye alikuwa mwisho wa mnyororo, karatasi ya mwisho yenye mitokondoo. Aliletewa. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naihitaji asubuhi ile, na ilikuwepo, sema mimi sikuwa nimeitafuta. Lakini pia sitaki kujidanganya: mbele ya vijana 60 wenye hofu, sijui kama ningeifikisha salama.

Kijana mwenyewe sasa ana boti yake. Nimewahi kumwona Kirumba, akanipa sato wawili akakataa hela. Sikumwambia lolote.

Utumbo wa Philadelphia

Nikiwa bado nazunguka na hayo, nikakutana na habari ya utumbo.

Mwaka 1849 mtu mmoja alikufa kwa kipindupindu huko Philadelphia, Marekani. Kipande cha utumbo wake kikatiwa kwenye chupa ya spiriti, na chupa ikaishia kwenye makumbusho ya kitabibu iitwayo Mütter. Ikakaa. Mwaka 2014 ikachapishwa jenomu ya bakteria waliomuua, imesomwa kutoka kwenye kile kipande. Ni wa aina ya kale, ile iliyotamba karne ya 19 kabla ya hii inayotusumbua leo. Aliyeiweka ile chupa rafuni hakuwa na habari ya DNA. Mwaka huo hata kwamba ugonjwa unaletwa na bakteria ilikuwa haijulikani. Aliweka tu, akafunga kizibo.

Niliposoma hapo nililiona shimo langu nyuma ya jiko.

Najua tofauti iliyopo, msiniandikie. Spiriti huitunza DNA. Formalini huifungamanisha na kuikatakata, kuisoma ni kazi ngumu. Huenda furu wale 23 wasingetoa hata neno moja. Na nani angepanda daladala kuja shuleni kwetu kuwasoma? Haya najiambia usiku, na usiku wa kwanza yalinipa usingizi.

Halafu nikakumbuka meno. Mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bern walichapisha matokeo ya kuchekecha matope yaliyotolewa kwenye sakafu ya Ziwa Victoria. Ziwa hili liliwahi kukauka, likajaa upya zaidi ya miaka elfu 15 iliyopita, na tangu lijae limekuwa likizika meno ya samaki, madogo ya kutazamwa kwa hadubini. Wakayaokota moja moja. Kwa meno hayo wakaonyesha kwamba furu hawakuwahi nafasi kwa kufika peke yao: samaki wengine walifika nao mapema. Furu walistawi kuwa mamia kwa sababu ya jinsi walivyo wao wenyewe, ule wepesi wao wa kugeuka na kuishi popote.

Mtu anasoma ziwa zima kwa jino lisiloonekana, mimi nilikuwa na samaki wazima, na tarehe, na mahali.

Kitu kimoja kilinichekesha katikati ya huzuni hiyo. Bakteria wa ukoma, jenomu yake iliposomwa mwaka 2001, ilikutwa na jeni zaidi ya 1,100 zilizovunjika. Hazifanyi kazi, lakini ziko pale, unaweza kusoma zilikuwa za kazi gani enzi za mababu zake, kabla hajazoea kuishi ndani ya miili ya watu. Hata bakteria wa ukoma ana stoo. Na wakaguzi hawajafika kwake.

Sengerema

Mwalimu Furu yuko hai. Nililijua hilo siku zote, na siku zote nilipata sababu ya kutokwenda.

Jumamosi iliyopita nilipanda Hiace. Daraja la Kigongo–Busisi tulilivuka kabla abiria wa pembeni yangu hajamaliza kumenya chungwa, mahali ambapo zamani ungekaa foleni ya kivuko ukala mahindi mawili ya kuchoma. Nilitamani kivuko. Nilihitaji muda.

Nilimkuta chini ya mwembe anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Wewe ndiye uliyenirithi?"

Nikamweleza kabla kigoda hakijapata joto. Stoo, wakaguzi, shimo, vyote. Aliendelea kupukuchua. Nilipofika kwenye vijikaratasi vya penseli akaanza kucheka, akacheka hadi kikohozi kikamshika, mjukuu akaleta maji.

"Zile lebo," akasema alipotulia. "Mwaka themanini na sita niliwapa vijana adhabu ya kuosha chupa. Wakamwaga samaki wote kwenye beseni moja. Wote. Wakaosha vizuri sana, halafu wakarudisha samaki na karatasi kama walivyoona inafaa. Nusu ya lebo zile ni uongo. Kama si zaidi."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nilikuwa nazionyesha kwa wageni."

Nilisikia nafuu, nikaionea aibu ile nafuu. Kisha nikafikiri juu ya Rusinga, vile vipande vilivyokaa na mifupa isiyo yao, na nafuu ikaisha. Furu aliyechanganyiwa lebo bado ana meno yake mdomoni.

Akauliza chupa mbili za vizibo vya kioo ziko wapi. Alizinunua kwa mshahara wake.

"Tulioteshea maharage."

"Yaliota?"

"Yaliota."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa sehemu ya deni.

Nilikuwa nimekwenda na daftari. Akaanza kunitajia, furu mmoja baada ya mwingine, si kwa majina ya vitabuni. Yule wa mchangani, yule wa penye mawe tu, yule aliyekuwa akinyang'anya wenzake makinda kutoka kinywani kwa mama yao. Midomo yao aliichora kwa kidole kwenye vumbi, na kila baada ya michoro mitatu kuku wakapita juu. Nilikuwa nanakili haraka, nikijua kabisa kwamba mahali fulani naandika mitokondoo.

Tulifika wa 12. "Huyu alikuwa mzuri. Mgongo mwekundu. Ubavuni wa njano. Na tumbo…"

Akasimama. Gunzi likabaki mkononi.

"Tumbo lake…"

Tulisubiri. Mjukuu alisubiri pia. Akaniambia tuendelee na wa 13, litamjia.

Nilirudi Mwanza giza limeingia. Saa tatu na nusu simu ikaita.

"Ng'wanawane. Lile tumbo. Andika jeusi."

Nikachukua kalamu, nikaandika jeusi. Sijafunga daftari, simu ikaita tena.

"Kwa penseli," akasema.